Mshale wa Mama Viti

Mama Viti alikuwa hajamkataa Cheche, wala hajamkubali. Alikuwa amemwacha hapo katikati, kama mteja anayeigeuzageuza bidhaa mkononi bila kusema ananunua au anairudisha, na Cheche alikuwa amechoka kugeuzwa.

Si kwamba mama mkwe huyo mtarajiwa alikuwa mkorofi. Hata kidogo. Alimkaribisha chai, alimwuliza habari za kwao, na alimsindikiza mpaka getini. Lakini tangu siku mwanawe wa kiume, mshonaji wa suti, alipomleta binti huyo nyumbani na kusema, "Mama, ndiye huyu," Mama Viti alikuwa hajamwita mwanangu hata mara moja. Na neno hilo hakuwa mchoyo nalo. Muuza nyanya aliitwa mwanangu. Askari wa barabarani aliyemsimamisha aliitwa mwanangu mpaka akasahau alimsimamisha kwa nini. Cheche peke yake ndiye aliyeitwa fundi. "Karibu, fundi." "Kunywa chai, fundi, itapoa." Na kwa majirani: "Yule ni fundi mmoja, huwa anakuja kumtembelea kijana wangu." Harusi ilikuwa mlangoni, bwana harusi amekwisha kata kitambaa cha suti yake mwenyewe, na bado bibi harusi alikuwa fundi mmoja.

Fundi alikuwa fundi kweli, tena wa umeme wa magari. Jina la Cheche alilipata alipokuwa anajifunza kazi, baada ya kugusanisha nyaya mbili zisizopendana na kuwakimbiza mafundi wenzake wote karakana nzima. Kucha zake zilikuwa na mstari mweusi usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu, na moyoni alikuwa ameshakata kauli kwamba ni hizo kucha zinazomharibia kwa mama mkwe. Kila akienda kule alikunywa chai amekunja vidole kama mtu aliyeficha pipi.

Basi fikiria alivyoshtuka siku Mama Viti alipoingia na pikapu yake mpaka ndani ya karakana, akazima injini, akashuka.

Pikapu ile mji mzima ulikuwa unaijua. Ndiyo iliyobeba viti na maturubai ya kukodisha, ndiyo iliyosomesha watoto wawili, na hakuna aliyewahi kuiona imekwama njiani. Jambo jingine ambalo watu walilijua ni kwamba Mama Viti hakuruhusu fundi yeyote alale chini ya gari lake. Oili alibadilisha mwenyewe, gurudumu alifungua mwenyewe, na fundi aliyejipendekeza kuchungulia alifukuzwa kama kuku jikoni.

"Taa ya nyuma ya kushoto haiwaki," alisema. "Ningeitengeneza mwenyewe, ila kesho nina viti vya harusi vya kupeleka kule mlimani na sijamaliza kuvifuta. Taa tu, fundi. Pengine popote usiguse."

"Ndiyo, mama."

"Popote."

"Nimesikia, mama."

"Ukimaliza mpe binti yangu funguo." Akaondoka kwa miguu bila kugeuka nyuma.

Taa haikuwa na maneno mengi. Kutu ilikuwa imekula mahali waya unapogusa bodi. Cheche akapiga msasa, akakaza skrubu, taa ikawaka. Akaona si vibaya kuizungusha pikapu mtaani kidogo ahakikishe na taa za breki. Kabla ya kutoka alitupa jicho kwenye geji ya mafuta, kama dereva yeyote mwenye akili timamu. Mshale ulikuwa umelala juu ya F, tanki limejaa pomoni. Akatoka akipiga mluzi.

Hakufika mbali. Mbele ya duka la vitambaa pikapu ilikohoa, ikatetemeka, ikanyamaza. Cheche akaifungua, akakagua plagi, akakagua moto, akakagua kila anachokijua, na mwisho, kwa kukosa la kufanya, akachomeka kijiti ndani ya tanki. Kijiti kikatoka kikavu kabisa. Ikabidi muuza vitambaa na jirani yake wamsaidie kusukuma mpaka karakana, na walimsaidia kwa furaha kubwa mno.

"Leo fundi ndiye anayesukumwa!" mmoja alisema.

"Kaza mkono, usiongee," alijibu Cheche, jasho likimtiririka.

Sasa, kumwambia fundi asiguse kitu kilichoharibika ni sawa na kumwambia mwenye upele asijikune. Atajizuia, atajizuia, kisha utamkuta anajikuna. Cheche alisimama karibu na pikapu amejishika kiuno, akawaza. Mama wa watu anaendesha gari ambalo geji yake inadanganya. Leo imemdanganya fundi karibu na karakana, kesho itamdanganya mwenyewe na viti vya watu mgongoni. Yeye Cheche ameliona, atalinyamazia? Na akimtengenezea kimyakimya, iwe zawadi, si ndiyo nafasi yenyewe? Mtu humwitaje tena fundi mmoja mtu aliyemwokoa na aibu ya barabarani? Alishaanza kulisikia lile neno masikioni. Mwanangu.

Akawasha swichi bila kuwasha injini. Mshale ukapanda F na kukaa. Akaingia uvunguni, akauchomoa waya unaotoka kwenye tanki, akarudi kutazama: mshale umeanguka mpaka E. Akaugusisha waya ule kwenye bodi ya gari: mshale ukapanda tena F. Hapo alijua geji yenyewe ni nzima na waya wa njiani ni mzima. Anayesema uongo yuko ndani ya tanki.

Tanki tupu ni jepesi, na hilo lilimrahisishia kazi. Alilishusha kwa jeki nje kwenye hewa, mbali na moto wowote, akafungua kifuniko kinachoshika boya, kile kidude kinachoelea juu ya mafuta na kuiambia geji yamefika wapi. Akacheka kwa sauti hapohapo alipo.

Kwanza gasketi. Kifuniko cha tanki hufungwa na mpira wa kuzuia mafuta yasivuje. Hiki kilikuwa kimefungwa na kipande cha kandambili nyekundu, kimekatwa duara kwa kisu cha jikoni. Pili waya. Zamani sana waya wa boya ulikuwa umekatika, na mtu fulani akaurudisha na kuukaza kwa uzi mnene wa kushonea maturubai, fundo juu ya fundo juu ya fundo. Mafundo yalikuwa imara ajabu. Tatizo ni kwamba waya ulikuwa umerudishwa mguu usio wake, kwenye ncha ya upande wa pili. Cheche akaunganisha mita ya kupimia umeme, akalinyanyua boya kwa kidole: namba zikaenda kinyume. Tanki likijaa, geji inasema tupu. Tanki likiwa tupu, geji inasema limejaa.

"Huyu bwana alifanya kazi hii usingizini," alisema peke yake.

Akauhamisha waya mahali pake. Akaenda kununua gasketi mpya, akarudi nayo, akaiweka kando ya ile nyekundu, akaibonyeza, akaibonyeza tena. Ya dukani ilikuwa laini kama ulimi. Ile nyekundu, pamoja na uzee wake, haikuwa na ufa. Akaiosha, akairudisha palepale, na ya dukani akaitupa kwenye droo. Mwisho akamimina petroli kidogo aliyokuwa nayo. Mshale ukajiinua juu ya E kidogo tu, ukasimama hapo ukisema ukweli kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Jioni alipeleka pikapu na kumkabidhi funguo wifi yake mtarajiwa, binti wa Mama Viti, msichana asiyeweza kutunza siri hata ya saa ngapi sasa.

"Mwambie mama kuna kazawadi nimemwekea kwenye gari," alisema Cheche. "Kesho akiwasha ataona mwenyewe."

"Zawadi gani, wifi? Niambie mimi tu."

"Ataona kwenye dashibodi."

Akarudi kwake akalala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Asubuhi simu yake iliita. Alipoona jina, alisimama wima kana kwamba mpigaji anamwona. Mama Viti hakuwahi kumpigia simu.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Nimeiona zawadi yako." Sauti ilikuwa tamu kupita kawaida. "Sikutegemea. Yaani umenifanyia jambo ambalo hata hawa wangu wa kuwazaa hawajawahi kunifanyia. Nimewaambia hapa wote wameona. Asante sana, mwanangu."

Mwanangu! Cheche alikalia tairi.

"Tanki zima!" Mama Viti aliendelea. "Kwa bei hizi za mafuta! Nilikuwa nipite kituoni asubuhi hii, sasa napita moja kwa moja. Tumemaliza kupakia, tunaondoka. Ubarikiwe." Simu ikakatika.

Cheche alibaki anatabasamu kwa muda mzuri tu. Kisha tabasamu likaanza kumtoka taratibu. Tanki zima gani? Aliweka petroli ya kufika kituoni, basi.

Alivuka barabara mbio mpaka kwa mchumba wake, aliyekuwa ameinama juu ya cherehani na pini mdomoni.

"Hebu niambie. Pikapu ya mama, mshale ukiwa chini kwenye E, maana yake nini?"

"Limejaa," alisema mshonaji bila kuinua uso.

"Na ukiwa juu kwenye F?"

"Limeisha, kimbia kituoni. Kwani magari mengine yanasomaje?"

Cheche alimtazama mwanamume aliyekubali kuishi naye maisha yake yote. "Mpenzi wangu, wewe umeshawahi kuendesha gari jingine?"

"La nini, na letu lipo?"

"Mbona hukuniambia!"

"Ungeniuliza," alisema mshonaji, na pini zikamdondoka moja moja.

Kumbe nyumba nzima ilikuwa inasoma geji kichwa chini, na ilikuwa imezoea hivyo kama watu wanavyozoea mlango unaofunguliwa kwa kupigwa teke. Ndiyo maana pikapu haikuwahi kukwama. Ilikuwa ikwame leo, kwa hisani ya Cheche, na viti vya harusi ya watu mgongoni.

Alimpigia Mama Viti: simu iliita bila kupokelewa, kwa kuwa mama yule akishika usukani hashiki kingine. Akampigia wifi: anaongea na mtu mwingine, bila shaka anamsimulia habari za zawadi. Basi alinyakua dumu la petroli, akaruka juu ya pikipiki ya kukodi, akamwambia dereva njia ya mlimani, haraka. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kuliko pikipiki. Neno alilolisubiri miezi yote hiyo alikuwa amelipata kwa mafuta ambayo hakuyaweka, na sasa alikuwa anakwenda kulirudisha.

Aliwakuta katikati ya mpando. Pikapu ilikuwa kando ya barabara, viti vimepangwa mpaka juu, boneti wazi. Wifi alikuwa amekaa kivulini anajipepea kwa kifuniko cha sufuria. Mama Viti alikuwa ameingiza kichwa kwenye injini, na alipokitoa uso wote ulikuwa na furaha.

"Huyo! Nilijua atakuja. Moyo umekwambia, eh, mwanangu? Hebu tazama hili gari. Tanki limejaa, plagi nzima, lakini limegoma. Sijui limepatwa na nini."

Cheche akashuka na dumu lake. Angeweza kumimina petroli kwa siri na kusema ni plagi. Aliliwaza hilo, tena aliliwaza kwa undani. Lakini kesho na keshokutwa mshale ungemdanganya tena yule mama, na safari hii mwongo angekuwa Cheche mwenyewe.

"Mama, tanki halijajaa. Limeisha."

"Limeishaje? Si nimeona mshale mwenyewe?"

"Sikujaza mafuta, mama. Zawadi haikuwa mafuta. Nilitengeneza geji." Akaliweka dumu chini. "Ilikuwa inasoma kinyume, nikaigeuza. Sikujua kwamba nyie mmeizoea."

Furaha ikaondoka usoni pa Mama Viti kama taa iliyozimwa. "Nilikwambia taa tu."

"Ndiyo, mama."

"Nilikwambia pengine usiguse."

"Ndiyo, mama, nisamehe, lakini ungeona kilichokuwamo humo ndani!" Na hapa hofu ilimponza Cheche, maana kuna watu hofu huwafunga mdomo na kuna wengine huwafungulia. "Kuna fundi alikuibia, mama! Fundi mbumbumbu kabisa! Waya ameurudisha mguu wa pili, halafu hakutumia hata klipu, amefunga kwa uzi wa maturubai kama anafunga mzigo wa kuni!"

Wifi alianza kukohoa.

"Mafundo hayahesabiki! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Na gasketi je? Mtu mzima, na akili zake, anakata kandambili anaitia kwenye tanki la petroli!"

Wifi alikohoa kama anayetaka kufa. Cheche akamgeukia kumpa pole.

"Ya rangi gani?" aliuliza Mama Viti.

"Nini, mama?"

"Hiyo kandambili."

"Nyekundu."

"Ya mguu wa kushoto," alisema Mama Viti. "Ya kulia ninayo mpaka leo."

Gari moja lilipita likapiga honi. Cheche alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na dumu lake. Akaona suti iliyokatwa ikirudi kuwa kitambaa.

"Mwaka aliofariki baba yao," Mama Viti alisema, si kwake hasa, kwa injini, "geji iliacha kusoma. Fundi mmoja akaniambia ninunue tanki jipya. Mwingine akaniambia niuze gari, hii si kazi ya mwanamke. Nikalala chini yake mwenyewe. Huyu alikuwa mdogo, alinishikia tochi akasinzia." Akamwonyesha wifi kwa kidevu. "Nilipowasha na kuona mshale umetikisika, nililia. Nilipokuja kugundua unasoma kinyume, nilishachoka kulifungua tanki. Nikawaambia watoto gari letu linasoma hivi. Na tangu hapo nikasema fundi hachungulii humu ndani, maana atanicheka."

"Nami nimecheka," alisema Cheche kwa sauti ndogo.

"Tena mpaka mbavu zikakuuma."

Cheche aliinamisha kichwa. Alihisi vibaya, vibaya kwelikweli. Angepewa nafasi angeyala maneno yake moja baada ya jingine bila maji. Akawa anasubiri afukuzwe kama kuku jikoni.

Mama Viti akajifuta mikono kwenye khanga. "Ilivuja?"

"Mama?"

"Nakuuliza kama fundi. Gasketi yangu. Ilivuja?"

"Haikuvuja hata tone," alisema Cheche, na aliposema hivyo akainua kichwa, kwa sababu hilo lilikuwa kweli na kulisema hakukuhitaji ujasiri wowote. "Nilinunua ya dukani nikailinganisha nayo. Ya dukani haifai. Nimeirudisha yako."

"Iko humo sasa hivi?"

"Iko humo, mama. Waya ndio nimehamisha tu. Na mafundo yale ilinibidi nitumie kisu, hayakufunguka."

Midomo ya Mama Viti ilitikisika. Aliizuia, ikamshinda. Kicheko kilipomtoka kilimtoka chote kwa pamoja, akajishikilia kwenye boneti, na wifi aliyekuwa anangoja ruhusa akaangua chake, na mwisho hata dereva wa pikipiki, ambaye hakujua linalochekwa ni lipi, akawa hana mbavu.

"Kama anafunga mzigo wa kuni!" alirudia Mama Viti akijifuta machozi. "Kumbe! Haya, mimina hayo mafuta, watu wanasubiri kukaa."

Cheche akamimina. Mama Viti alikaa kwenye usukani na swichi wazi, anautazama mshale ukipanda kuelekea F, uso umejaa mashaka.

"Nikiuona hivi roho yote inaniambia mafuta yanaisha," alisema. "Panda hapa mbele. Utakuwa unanikumbusha."

Nafasi ya mbele ilikuwa ya wifi siku zote. Wifi akapanda nyuma juu ya viti bila kununa, akajishikilia kamba. Njia nzima Mama Viti aliuliza, "Sasa hapo inasema nini?" na Cheche akajibu, "Yapo, mama," na kwenye kituo cha kwanza walisimama wakajaza mpaka mshale ukaegemea F. Mama Viti aliunyooshea kidole mshale ule. "Muone," alisema, "amejifunza adabu uzeeni."

Walifika wamechelewa kidogo. Baba wa bibi harusi alikuwa getini na saa mkononi, mdomo tayari kwa malalamiko, lakini alipowaona wanawake watatu wanashuka wanacheka alisahau alikuwa aanzie wapi.

"Mama Viti, leo umetutia roho juu. Na huyu kijana wa kike ni nani?"

Cheche alikuwa ameanza kukunja vidole vyake, kwa mazoea. Alingojea. Ama angekuwa fundi mmoja, ama angekuwa mwanangu, na baada ya yote yaliyotokea hakuthubutu kuomba lolote kati ya hayo mawili.

Mama Viti alimshika ule mkono wenye kucha nyeusi, akaunyanyua kidogo ili mzee yule auone vizuri.

"Huyu?" alisema. "Huyu ni fundi mwenzangu."

Kisha akafungua kamba za mzigo, na wakaanza kushusha viti.